Zohali ni Sayari Ipi? Historia Fupi ya Majina ya Sayari katika Kiswahili

Miongoni mwa maswali ambayo wanafunzi huwauliza walimu wao wa Kiswahili, liko moja linaloonekana dogo na ambalo aghalabu hujibiwa kwa haraka: Zohali ni sayari ipi? Mwanafunzi aliyesoma kitabu kimoja atasema kwamba ni sayari ya sita kutoka jua, ile yenye pete mashuhuri. Mwenzake aliyesoma kitabu kingine atasema kwamba ni ya saba, na kwamba ile yenye pete huitwa Sarateni. Wote wawili wamesoma vitabu vya Kiswahili, na wote wawili wamejibu kama walivyofundishwa. Wakiulizwa habari za Utaridi hitilafu huzidi, kwa maana jina hilo limepewa sayari iliyo karibu kabisa na jua, na limepewa pia Pluto, iliyo mbali kuliko sayari zote.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi hali hiyo ilivyozuka. Jambo lenyewe si la wanafalaki peke yao. Ni suala la istilahi, yaani la namna lugha inavyotunza mali iliyorithi na namna inavyojipatia mali mpya, na kwa hiyo linawahusu wanaisimu kuliko wanavyodhani.

Sayari na nyota

Yafaa kuanza na neno sayari lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, *sayyara*, lenye maana ya kitu kiendacho. Watu wa kale waliokesha wakitazama mbingu waliona kwamba nyota karibu zote huchomoza na kutua bila ya kubadili nafasi baina yao, ilhali chache huhamahama. Wayunani waliziita zenye kutangatanga, na Waarabu wakaifuata maana hiyo. Katika Kiarabu cha leo *sayyara* ni gari, na sayari huitwa *kaukab*. Kiswahili kimehifadhi maana kongwe ambayo huko ilikotoka imefifia.

Kwa fasili hiyo ya kale sayari zilikuwa saba, na miongoni mwazo walihesabiwa jua na mwezi, kwa kuwa navyo huonekana vikienda. Dunia haikuhesabiwa, kwa sababu ilidhaniwa kuwa imetulia katikati. Huu ndio mpango uliofafanuliwa na Ptolemy wa Aleksandria katika karne ya 2, na ambao wanazuoni wa Kiislamu waliupokea, wakausahihisha na kuufikisha mbali. Mpangilio wake ulifuata kasi ya mwendo: Mwezi kwanza, kisha Utaridi, Zuhura, Jua, Mirihi, Mshtarii, na mwisho Zohali, ambayo huchukua karibu miaka 29 na nusu kuzunguka mbingu. Copernicus alipochapisha kitabu chake mwaka 1543 na kuliweka jua katikati, jua na mwezi viliondoka katika orodha na dunia ikaingia. Kwa hiyo swali la wanafunzi kwamba sayari ni ngapi halina jibu moja katika historia. Idadi imekuwa ikibadilika kila fasili ilipobadilika.

Hazina ya pwani

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walikuwa na elimu ya mbingu ya namna mbili au tatu, na ni muhimu zisichanganywe. Kwanza ilikuwako elimu ya mkulima, ambayo maneno yake ni ya Kibantu. Mfano wake bora ni Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho jina lake latokana na kulima, na ambacho kuzama kwake na kuzuka kwake kumehusishwa na mvua na jua katika methali ijulikanayo na wengi. Pamoja na hiyo kulikuwa na hesabu ya mwaka wa jua, wenye kuanza kwa Nairuzi na kugawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, hesabu ambayo alama yake hai hadi leo ni sherehe ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi, Unguja.

Pili ilikuwako elimu ya nahodha. Bingwa wake aliyeacha maandishi mengi ni Ahmad ibn Majid wa Julfar, katika nchi ambayo leo ni Ras al-Khaimah, aliyeandika katika karne ya 15 kitabu kikubwa cha ubaharia pamoja na tungo za kufundishia, mojawapo ikihusu njia ya kwenda Sofala. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498. Wataalamu wengi sasa wameikanusha habari hiyo. Lililo muhimu hapa ni kwamba nahodha alihitaji nyota zisizohama. Alipima kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari ili ajue amefika latitudo gani. Sayari, kwa kuwa zinatangatanga, hazikumfaa kwa kazi hiyo.

Sayari zilikuwa mali ya elimu ya tatu, yaani falaki ya wanazuoni na waganga wa kitabu. Katika vitabu vya falaki kila saa ya mchana na usiku ilikuwa na sayari yake. Zohali ilikuwa nuhusi kubwa na Mirihi nuhusi ndogo, Mshtarii ilikuwa suudi kubwa na Zuhura suudi ndogo. Mtu aliyetaka kusafiri, kuoa au kuweka msingi wa nyumba alikwenda kuuliza saa njema. Mtu wa leo aweza kuikataa imani hiyo, lakini hawezi kukana kwamba ndiyo iliyoyahifadhi majina. Katika Kiingereza majina ya siku yamebeba kumbukumbu ya sayari na miungu yake. Katika Kiswahili siku huhesabiwa tu kutoka Ijumaa, Mosi, Pili na kuendelea, na majina ya sayari yakabaki vitabuni na vinywani mwa wajuzi. Moja tu lilienea kwa watu wote, nalo ni Zuhura, ambalo wazazi huwapa binti zao.

Zaidi ya sayari, elimu hiyohiyo ilikuwa na buruji kumi na mbili, yaani makundi ya nyota ambamo jua na sayari hupita: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akarabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Sayari ni wasafiri, buruji ni vituo vya safari. Msomaji na aishike tofauti hiyo, kwa kuwa yote yatakayosemwa yanaitegemea.

Wageni watatu

Kwa kuwa macho matupu hayakuzitambua sayari nyingine, hazina hiyo ilitosha kwa karne nyingi. Ndipo darubini ikaleta wageni. Tarehe 13 Machi 1781, William Herschel, akiwa Bath nchini Uingereza, aliona gimba ambalo kwanza alilidhania kuwa kimondo chenye mkia. Alitaka liitwe kwa jina la mfalme wake. Mwanafalaki wa Kijerumani, Johann Bode, akapendekeza Uranus, na hilo likashika. Tarehe 23 Septemba 1846, Johann Galle aliipata Neptune huko Berlin, mahali palipokuwa pamekwisha kutabiriwa kwa hesabu na Mfaransa Le Verrier. Na mwaka 1930 Clyde Tombaugh aliivumbua Pluto huko Arizona, Marekani.

Lugha mbalimbali ziliwapokea wageni hawa kwa njia mbalimbali. Waarabu, ambao majina yao ya kale ndiyo yaliyotumiwa pwani, waliyachukua majina ya Ulaya na kuyatamka Kiarabu. Wachina walitafsiri maana, wakasema nyota ya mfalme wa mbingu na nyota ya mfalme wa bahari. Njia zote mbili zina sifa moja, nayo ni kwamba mgeni alipewa jina jipya bila ya mwenyeji kunyang'anywa lake.

Kuhama kwa majina

Katika Kiswahili mambo yalikwenda vingine. Baada ya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia masomo yote katika shule za msingi za Tanzania, na hasa kutoka mwaka 1967, sayansi ilibidi isemwe kwa Kiswahili; na katika Kenya, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na orodha za msamiati, zikiwamo za sayari, zikawa sehemu ya maandalizi ya mtihani. Palihitajiwa majina tisa. Hazina ya zamani ilikuwa na matano tu, ukiondoa jua na mwezi.

Matokeo yake yanaonekana katika baadhi ya vitabu vya shule na orodha za istilahi. Sayari ya kwanza imeitwa Zebaki. Ya tano mahali pengine si Mshtarii bali ni Sumbula. Ya sita ni Sarateni. Ya saba imepewa jina Zohali, ya nane Kausi, na Pluto ikapewa Utaridi. Hata Mirihi haikusalimika, kwani mara nyingine imechapishwa Mihiri.

Ukiitazama orodha hiyo kwa jicho la mwanaisimu, utaona makosa ya aina tatu. La kwanza ni tafsiri ya neno kwa neno. Waingereza hutumia neno moja, *mercury*, kwa sayari na kwa ile madini ya majimaji, kwa sababu wanakemia wa kale wa Ulaya walivihusisha vitu hivyo viwili. Kiarabu na Kiswahili hutenganisha: Utaridi ni sayari, zebaki ni madini. Kuiita sayari Zebaki ni kuuleta utata wa Kiingereza katika lugha ambayo haikuwa nao.

La pili ni kuchanganya wasafiri na vituo. Sumbula, Saratani na Kausi ni buruji. Yaelekea aliyetafuta majina aliona orodha ya maneno yahusuyo nyota, akayachukua bila ya kujua kila moja lilikuwa rafu gani. Tena Saratani, kwa maana ya kaa, ni neno ambalo Kiswahili kimelitumia kwa maradhi mabaya, na mtoto anayekutana na Sarateni darasani ana haki ya kushangaa.

La tatu ndilo zito, nalo ni uhamishaji. Zebaki alipokalia kiti cha Utaridi, Utaridi alibaki bila kiti, akapelekwa mwisho wa safu. Sarateni alipokalia kiti cha Zohali, Zohali alisogezwa kwa jirani. Majina hayakupotea, yamebaki, lakini yanasema uongo. Mtu akikuta katika hati kongwe ya pwani kwamba Zohali ni nuhusi, ataelewa kwamba mwandishi aliijua sayari ya saba kabla ya Herschel. Hivyo kosa la orodha ya shule hugeuka kuwa kosa la historia.

Hoja ya mazoea

Wako watakaosema kwamba lugha ni mazoea, na kwamba neno likisha kuenea halina budi kukubaliwa hata kama lilizaliwa kwa makosa. Hoja hii ina nguvu mahali ambapo mazoea ni mamoja. Hapa mazoea yamegawanyika, na wanaoumia ni wanafunzi wanaotoka kitabu hiki kwenda kile. Isitoshe, buruji bado zipo na majina yao bado yanatumika. Msemaji akisema kwamba Mshtarii imo katika Kausi, sentensi yake ni sahihi na yaweza kuthibitishwa kwa macho usiku. Lakini kwa orodha mpya itakuwa na maana kwamba sayari moja imeingia ndani ya sayari nyingine. Istilahi inayoifanya kweli isisemeke haiwezi kutetewa kwa mazoea.

Bahati ni kwamba mlango umefunguka. Tarehe 24 Agosti 2006, Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulikutana Prague na kupitisha fasili mpya ya sayari, ambayo kwayo Pluto ikawa sayari kibete na idadi ikawa nane. Wanafunzi wengi huuliza Pluto imekwenda wapi. Haikwenda popote, ingali ikilizunguka jua kwa miaka kama 248, na kilichobadilika ni fasili. Lakini kwa Kiswahili uamuzi huo una faida ya pekee, kwani umeliacha huru jina Utaridi. Hakuna tena sababu ya kutolirudisha kwa mwenyewe.

Hitimisho

Orodha inayotokana na historia hii ni nyepesi: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni. Sita za kwanza ni za urithi. Mbili za mwisho ni za wageni waliokuja wakati darubini ilipokuja, na si aibu kwa lugha kumwita mgeni kwa jina alilokuja nalo.

Kukopa kwenyewe si kwa upande mmoja. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, satelaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, katika bahari karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Tangu hapo wanafalaki wa mataifa yote hulitaja neno hilo la Kiswahili, na hawakuligeuza wala kuliazima kwa maana nyingine. Heshima waliyoipa lugha hii kwa neno moja, walimu na watunzi wa kamusi wa Kiswahili wanaweza kuipa kwa majina matano waliyorithi.