Kisu cha Mchunaji

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hiyo waijua, msomaji. Lakini ngozi ina sheria yake.

Ukifika Nyakoe, katika njia itokayo Kisii kwenda Kisumu, u katika nchi ya Abagusii. Hapo kale watu hawa walivaa ngozi, na wahunzi wao walifua visu vya chuma. Ngozi iliyotobolewa ilivaliwa nyumbani pamoja na tundu lake. Mwaka 1901 reli ilifika Kisumu, na ngozi za nchi hizi zikapata njia ya kwenda ng'ambo. Tangu hapo tundu likawa hasara ya fedha, maana wanunuzi hupanga ngozi kwa madaraja, na yenye mikato hushuka.

Basi kisu sharti kichaguliwe kwa akili. Chenye ncha kali hupasua ngozi kwa mstari wa tumbo na miguu; kisha huwekwa kando, kikashikwa kilichopindika, chenye ncha ya mviringo isiyotoboa. Panapolegea, ngumi hutosha.

Kunoa nako ni elimu. Lowesha kinoo, laza bapa, inua kidogo mgongo wa kisu, wala usibadili mwinamo huo. Noa pande zote mbili sawasawa. Usidhani kisu butu ni salama: hulazimishwa kwa nguvu, kikateleza, kikakata pasipotakiwa.

Mchinjaji hutazama nyama; hasara ya ngozi humrudia mfugaji aliyemlisha ng'ombe miaka mingi. Kwa hiyo, kabla hujasifu makali ya kisu, igeuze ngozi, uitazame upande wa ndani.