Waliopanda Miembe ya Tabora Hawana Majina

Msimu wa maembe ukifika Tabora, huhitaji kalenda. Maembe yapo stendi, yapo sokoni, yapo kwenye beseni la mama wa kando ya barabara na kwenye mfuko wa abiria wa treni anayerudi Dar. Ukiingia uani kwa watu wa Mboka, kuna nyumba kibao zenye mwembe mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Watoto wanaupanda, wageni wanawekewa kiti kivulini, kuku wanalala juu yake. Swali la nani aliupanda huwa halina mtu wa kulijibu.

Stori inayosimuliwa kila siku ni kwamba wapagazi na watumwa walikuwa wanatembea huku wanakula maembe, wanatupa kokwa, kokwa zinaota. Ndiyo maana, watu wanasema, miembe imejipanga kando ya ile njia ya misafara, kama kilomita 1,200 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, Tabora ikiwa katikati kama njia panda. Stori tamu, na ina ukweli ndani yake. Ila muulize mtu yeyote aliyewahi kuotesha mwembe nyumbani, atakuonyesha mahali inapovuja.

Kwanza, kokwa ya embe haina subira. Siyo kama mahindi ambayo unayaweka ghalani hadi mwakani. Ikikauka wiki chache tu, mbegu ya ndani inakufa. Na safari ya kutoka pwani haikuwa ya wiki chache. Burton na Speke waliondoka pwani katikati ya 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba. Stanley, aliyekuwa na haraka zake, aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 akafika mwezi Juni. Embe lililoliwa Bagamoyo, kokwa yake ikibaki kavu kwenye mzigo, isingeota Unyanyembe. Mti huu uliotoka India ukaja pwani ulipanda bara kwa hatua: kituo hiki kinazaa, kituo cha mbele kinapata mbegu mbichi au mche.

Pili, kuota ni kazi rahisi, kubaki hai ndiyo kazi. Mvua za Tabora zinaanza mwezi wa kumi na moja hivi, zinakatika mwezi wa nne au wa tano. Baada ya hapo ni kiangazi, miezi kama sita ya jua na vumbi. Mche wa mwaka wa kwanza bila maji hapo una bahati nasibu. Ongeza mbuzi, ambaye majani laini ya mwembe kwake ni saladi. Ongeza moto wa kusafishia mashamba. Mwembe unaopita yote hayo ukiwa uani, mara nyingi kuna mtu aliumwagilia maji na kuuzungushia miiba.

Mtu huyo ni nani sasa? Hapa kuna jibu, na lipo kwenye maandishi. Stanley alipoielezea Tabora ya 1871, alisifia meza za Waarabu wakubwa wa mji: vitunguu, vitunguu saumu, pilipili, matango, nyanya, bilinganya. Jamaa walikuwa wanajua kula. Na hapohapo, kwa maneno machache kabisa, akataja mikono iliyopanda michungwa, milimau, mipapai na miembe: watumwa wao. Hakutaja jina hata moja, akaendelea na habari zake.

Piga hesabu kidogo. Mwembe wa kokwa unaweza kuchukua miaka mitano, sita, hata nane kabla ya kuzaa vizuri. Mtumwa aliyefukia kokwa hakuwa na uhakika wa kuwepo hapo mwaka ujao. Angeweza kuuzwa, kupelekwa pwani, au kufa njiani. Alimwagilia tunda ambalo huenda asingelionja, kwenye ua usio wake. Na tusiwasahau watu huru: wakati vijana wa Kinyamwezi wamebeba mizigo ya kilo thelathini na kitu kwenda pwani kiangazi, kuna waliobaki nyumbani wakitunza maboma na mashamba, wengi wao wanawake. Nao hawakuandikwa.

Kwa nini basi majina hayajulikani? Sababu moja ni kwamba walioandika hawakuuliza. Nyingine inauma zaidi: watu wenyewe walinyamaza. Utumwa Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922, yaani juzi tu kwa hesabu ya mwembe. Baada ya hapo, nani alitaka mjukuu wake achekwe shuleni kwamba babu yake alinunuliwa? Familia zikachukua ukoo mwingine, stori ikazikwa, mti ukabaki.

Kumbukumbu zilizobaki zina majina ya wageni. Nyumba ya tembe pale Kwihara, nje kidogo ya mji, leo ni makumbusho, na inaitwa ya Livingstone, aliyekaa hapo mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Kule Ujiji, mwembe uliopata umaarufu ni ule wa Livingstone na Stanley kukutana chini yake mwaka 1871. Mti ule ulishakufa, na iliyopo inasemekana ni uzao wake. Umaarufu ulienda kwa waliosimama kivulini. Aliyeuotesha hana hata kibao.

Njia yenyewe iko kwenye orodha ya awali ya Tanzania kule UNESCO tangu 2006, kwa jina la njia ya watumwa na pembe za ndovu. Siku ikipata hadhi kamili, patatakiwa pa kuandika majina. Machache yanaweza kupatikana bado, kwa bibi fulani wa Tabora anayejua kitu na hajawahi kuulizwa kwa heshima.

Na kama una kaeneo uani, kupanda ni rahisi. Kula embe, pasua ganda la kokwa taratibu, toa mbegu ikiwa mbichi, ifukie haraka, mwagilia kiangazi chote, zuia mbuzi. Kisha andika mahali jina lako na mwaka.