Watoto wa Tikiti ya Dhahabu: Filamu ya Willy Wonka katika Kumbukumbu za Waigizaji Wake Wadogo

Filamu ya Willy Wonka & the Chocolate Factory, iliyoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 30 Juni 1971, ni miongoni mwa filamu chache za watoto ambazo historia yake inaweza kusimuliwa kwa kutegemea ushahidi wa watoto walioiigiza, kwa kuwa wote watano waliocheza nafasi za washindi wa tikiti za dhahabu walifikia utu uzima na kueleza hadharani yale waliyoyakumbuka. Ushahidi huo una thamani ya pekee. Mwongozaji hukumbuka alichokusudia na mtayarishaji hukumbuka alicholipa, lakini mtoto aliyesimama mbele ya kamera hukumbuka baridi, harufu, woga na kusubiri, mambo ambayo huchukua sehemu kubwa ya siku ya kazi katika studio na ambayo mtazamaji haonyeshwi.

Kisa chenyewe kilitokana na kitabu cha Roald Dahl kilichochapishwa mwaka 1964, nacho kinamhusu Charlie, mtoto wa familia fukara anayebahatika kupata mojawapo ya tikiti tano za kutembelea kiwanda cha ajabu cha chokoleti cha Willy Wonka. Wazo la kukigeuza kuwa filamu lilitoka kwa msomaji mdogo, binti wa mwongozaji Mel Stuart, aliyekipenda kitabu hicho na kumwomba baba yake akitengenezee filamu. Fedha zilitoka mahali pasipotarajiwa: mtayarishaji David L. Wolper aliishawishi kampuni ya vyakula ya Quaker Oats, ambayo haikuwa na uzoefu wowote wa sinema, igharamie kazi hiyo kwa takriban dola milioni 3, kwa matumaini kwamba filamu ingeitangaza chokoleti mpya iliyokusudia kuiuza kwa jina la Wonka. Kwa hiyo jina la Wonka likatangulizwa, na Charlie, ambaye jina lake ndilo lililobeba kitabu, akaondolewa katika jina la filamu.

Nafasi ya Charlie ilikwenda kwa Peter Ostrum, mvulana wa miaka 12 aliyekuwa akishiriki maigizo ya watoto katika ukumbi wa Cleveland Play House, jimboni Ohio, na ambaye hakuwa amewahi kuonekana katika filamu yoyote. Watafutaji wa waigizaji walimpiga picha na kurekodi sauti yake. Baadaye aliitwa New York kwa majaribio, na alipokubaliwa alikuwa na siku chache tu za kufunga safari ya Munich, Ujerumani, ambako upigaji picha ulianza Agosti 1970. Mji huo ulichaguliwa kwa sababu gharama zake zilikuwa nafuu, na pia kwa sababu mwongozaji alitaka mitaa ambayo mtazamaji asingeweza kuitambua kuwa ya nchi fulani. Ostrum amekuwa akiifananisha miezi ile na maisha ya mwanafunzi aliyepelekwa kusoma ugenini, na ulinganisho huo unasadifu, kwani mtoto aliyekuwa mbali na wenzake wa darasa alilazimika kujifunza kwa wakati mmoja nidhamu ya kazi, lugha ya watu wazima wa studio na namna ya kuishi katika nchi asiyoifahamu.

Sehemu inayokumbukwa zaidi na waigizaji hao ni chumba cha chokoleti, seti kubwa iliyobuniwa na Harper Goff, seti ikiwa ni mandhari ya bandia inayojengwa ndani ya studio kwa ajili ya kupigwa picha. Stuart alizuia watoto wasiione seti hiyo hadi kamera zilipokuwa tayari, ili mshangao wao wa kwanza unaswe ukiwa hai. Mshangao unaoonekana katika tukio hilo, basi, ni wa kweli kwa kiasi kikubwa, ingawa uliandaliwa kwa hila ya mtu mzima. Baada ya mshangao huo ikaja kazi. Baadhi ya vitu vililika, vingi havikulika, na kikombe kinachotafunwa na Wonka kilikuwa cha nta, ambayo mwigizaji Gene Wilder alilazimika kuitafuna hadi kamera iliposimama. Mto wa chokoleti ulikuwa maji yaliyochanganywa na chokoleti na krimu, na kadiri siku zilivyopita chini ya taa kali mchanganyiko huo ulichacha na kutoa uvundo ambao hakuna mwigizaji aliyeusahau. Aliyetumbukia ndani yake alikuwa Michael Bollner, mtoto wa Munich aliyejua Kiingereza kidogo sana, na ambaye baadaye alijishughulisha na masuala ya kodi katika mji huohuo.

Denise Nickerson, aliyeigiza mtoto mtafuna bigijii anayevimba na kuwa tunda la buluu, alivalishwa umbo kubwa la duara ambalo halikuweza kuvuliwa wakati wa mapumziko, hivyo wenzake walipokwenda kula yeye alibaki akibiringishwa kila baada ya dakika chache ili damu iendelee kuzunguka. Alisimulia pia kwamba, aliporudi shuleni Marekani, rangi ya buluu iliyokuwa imeingia katika vinyweleo ilianza kujitokeza tena usoni akiwa darasani. Julie Dawn Cole, Mwingereza aliyecheza nafasi ya Veruca Salt, mtoto aliyedekezwa, alitimiza miaka 13 wakati wa kupiga picha za wimbo wake mkubwa, ambao ulirudiwa mara nyingi.

Kuhusu Wilder, watoto wote walimkumbuka kwa upendo, na Ostrum alizoea kugawana naye chokoleti baada ya chakula cha mchana. Hata hivyo, hila ya mwongozaji ilitumika tena katika tukio la mwisho, pale Wonka anapomfokea Charlie na kumfukuza, kwani katika mazoezi Wilder hakuonyesha ukali wote aliokusudia, na ingawa alitamani kumtahadharisha rafiki yake mdogo, mwongozaji alimkataza. Mbinu hiyo iliipa filamu mojawapo ya nyuso zake za kweli kabisa, lakini ni haki kuhoji kama mtoto anayelipwa kuigiza huzuni anapaswa kutiwa huzuni yenyewe bila kuarifiwa.

Kuna sehemu ya historia hii inayomgusa msomaji wa Afrika moja kwa moja. Katika toleo la kwanza la kitabu, wafanyakazi wa kiwanda waitwao Oompa-Loompa walikuwa mbilikimo weusi kutoka msitu wa Afrika, waliosafirishwa kwa siri ndani ya masanduku na kulipwa kwa mbegu za kakao badala ya fedha. Dahl hakuwa mgeni wa bara hili: mwaka 1938 alifika Dar es Salaam kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili, na mwaka uliofuata akajiunga na jeshi la anga jijini Nairobi. Kwamba mtu aliyeishi katika pwani iliyoshuhudia biashara ya watumwa aliweza kuandika picha hiyo kama mzaha wa watoto ni jambo la kusikitisha. NAACP, chama kinachotetea haki za Wamarekani weusi, kilipinga, na watengenezaji wa filamu wakawapa Oompa-Loompa nyuso za rangi ya chungwa na nywele za kijani. Dahl naye akarekebisha kitabu chake mwaka 1973.

Baada ya kazi kwisha, Ostrum alipewa nafasi ya kutia saini mkataba wa filamu tatu, akaukataa. Familia yake ilipata farasi, na daktari wa mifugo aliyekuja kumtibu alimvutia kijana huyo kwa jinsi alivyoonekana kuipenda kazi yake. Mwaka 1984 Ostrum alihitimu shahada ya udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Cornell, kisha akatibu ng'ombe wa maziwa na farasi kwa miongo kadhaa kaskazini mwa jimbo la New York. Hakuigiza filamu nyingine.

Umaarufu wa filamu ulikuja kwa kuchelewa, kwa kuwa mapato ya kumbi za sinema yalikuwa ya wastani, na ni televisheni na kanda za video zilizoifikisha kwa vizazi vilivyofuata. Mwaka 2001, miaka 30 baada ya onyesho la kwanza, waigizaji watano hao waliitazama pamoja na kurekodi maelezo yao kwa ajili ya toleo la DVD, na mwaka 2014 filamu iliingizwa katika orodha ya taifa ya Marekani ya filamu za kuhifadhiwa. Mrabaha wa Ostrum, yaani malipo anayopata mwigizaji kila kazi yake inapoendelea kutumika, ulikuwa, kwa maelezo yake mwenyewe, dola 8 au 9 kila baada ya miezi mitatu.