Kiunzi cha Seli na Maji ya Ziwa: Historia ya Aktini na Maradhi ya Kuhara katika Mwambao wa Rumonge

Utafiti wa protini zinazoongoza kiunzi cha seli za neva na utafiti wa maradhi ya kuhara katika mwambao wa Burundi ulikua kwa njia mbili zisizojuana. Katika miaka ya 1990 njia hizo zilikutana, kwani ilibainika kwamba bakteria wa kuhara damu huiteka protini ileile ambayo wanasayansi walikuwa wameitoa katika ubongo. Makala haya yanafuatilia historia hiyo na kudai kwamba mkutano huo, badala ya kupunguza umuhimu wa maji safi, unatoa sababu mpya ya kuyapa kipaumbele.

Mwaka 1890 Santiago Ramón y Cajal wa Hispania alieleza ncha ya ukuaji, yaani sehemu ya mbele ya uzi wa neva unaokua, inayopapasa njia hadi kuifikia seli nyingine. Kinachoisukuma ncha hiyo hakikujulikana. Mwaka 1942 Brunó Straub, akifanya kazi katika maabara ya Albert Szent-Györgyi mjini Szeged, Hungaria, alitenga aktini kutoka kwenye misuli. Baadaye ilithibitika kwamba aktini imo pia katika seli zisizo za misuli, zikiwemo za neva, na kwamba hujengwa na kubomolewa bila kukoma. Protini nyingine ndizo zinazoiongoza: profilini hupeleka vipande vya ujenzi, kofilini hukata nyuzi kuukuu, na kundi liitwalo Arp2/3 huchipuza matawi mapya. Hata hivyo, Arp2/3 huhitaji kuamshwa. Mwaka 1996 kundi la Tadaomi Takenawa mjini Tokyo lilitangaza protini iliyotolewa katika ubongo wa ng'ombe, nayo ikaitwa N-WASP. Herufi N inaashiria neva. Kufikia mwaka 1999 ilikuwa wazi kwamba protini hiyo hupokea ishara ndani ya seli na kuiamsha Arp2/3.

Wakati huohuo, eneo la Maziwa Makuu lilikuwa katika janga la kuhara damu. Bakteria wake, Shigella dysenteriae aina ya 1, alitambuliwa na Kiyoshi Shiga nchini Japani mwaka 1897. Mlipuko ulioanza kaskazini-mashariki mwa Zaire mwaka 1979 ulienea hadi Rwanda na Burundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aina zilizochunguzwa Burundi zilikuwa sugu kwa karibu dawa zote za kumeza zilizopatikana nchini. Mwaka 1998 kundi la Chihiro Sasakawa, likishirikiana na Takenawa, lilionyesha kwa kutumia Shigella flexneri, ndugu wa bakteria huyo, jinsi ugonjwa unavyosambaa ndani ya utumbo. Akiisha kuingia katika seli, bakteria huinasa N-WASP kwa protini iliyo juu ya ngozi yake. Aktini hujengeka nyuma yake kama mkia na kumsukuma hadi seli ya jirani, bila kutoka nje ambako kingamwili zingemkuta.

Rumonge ilitoa ushahidi wa namna nyingine. Kipindupindu cha janga la saba, aina ya El Tor, kilifika eneo hilo mwaka 1978, na wagonjwa waliendelea kuripotiwa Burundi karibu kila mwaka hadi mwaka 1992. Katika mji huo watu 318 walilazwa kati ya Aprili na Mei 1992. Watafiti waliwalinganisha wagonjwa 56 na watu 112 wasio na kipindupindu. Kadiri mtaa ulivyokuwa karibu na ziwa, ndivyo idadi ya waliougua ilivyoongezeka. Kuoga ziwani na kunywa maji yake kulihusishwa na ugonjwa. Hakuna chakula kilichohusishwa nao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1997. Miaka mitatu baadaye, watafiti wa Boston walionyesha kwamba sumu mojawapo ya bakteria wa kipindupindu huzifunga molekuli za aktini pamoja zisiweze kujengeka. Lakini sumu inayomaliza maji mwilini ni nyingine, na ugunduzi huo haukubadilisha jibu la Rumonge.

Mtu angeweza kufikiri kwamba, dawa zikishindwa, dawa mpya izuie N-WASP. Mwaka 2001 majaribio ya panya yaliweka wazi ugumu wa njia hiyo: vijusi visivyo na protini hiyo vilikufa kabla ya kuzaliwa. Nyenzo anayoiteka bakteria ni nyenzo ya mwili wenyewe, nao hauwezi kunyang'anywa bila madhara. Kwa hiyo mahali salama zaidi pa kumzuia ni kabla hajaingia kwenye seli: katika kisima, choo, mikono na bomba.

Kwa washauri wa sera, historia hii ina mafunzo mawili. Utafiti wa msingi usipimwe kwa faida ya papo hapo, kwa kuwa ubongo wa ng'ombe ulikuja kueleza ugonjwa wa utumbo. Vilevile, ahadi ya tiba ya kimolekuli isiwe kisingizio cha kuahirisha mabomba: kwa mkazi anayechota maji ziwani, ushahidi wa kutosha ulipatikana Rumonge mwaka 1992.