Uzee wa Manamba katika Muheza

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Lakini heshima ya mzee haikai hewani. Hukaa juu ya ardhi, kazi na ukoo. Historia ya Muheza yatuonyesha yanayotokea nguzo hizo zinapotikiswa.

Hapo kale mzee wa Kibondei aliishi katikati ya ukoo wake. Aliijua mipaka ya mashamba, na neno lake lilikuwa na uzito katika mahari na urithi. Nguvu zilipompungukia, watoto na wajukuu walimlimia. Kumtunza kulikuwa kulipa deni, kwani yeye ndiye aliyewalea.

Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai. Mwaka 1896 reli ilifika Muheza. Miche ile michache ikazaa mashamba makubwa, yaliyohitaji mikono mingi kuliko ya wenyeji. Vijana wakaletwa kutoka Songea, Kigoma, Njombe, na hata Burundi na Msumbiji. Na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua. Vijana hao waliitwa manamba, kwani kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Mwajiri alinunua nguvu za ujana wao. Uzee wao hakuununua.

Baadhi yao walirudi makwao. Wengine walizeekea Tanga, mbali na watoto wa ndugu zao ambao kwa desturi wangewatunza. Hata hivyo hawakukaa wakiwa. Waliukuza utani baina ya makabila, hata mtu akifiwa au akifa ugenini, mtani wake alishughulikia mazishi. Jirani akawa ndugu, na mtoto wa jirani akamwita mzee yule babu.

Baada ya Uhuru serikali nayo ilibeba sehemu ya mzigo huo. Mwaka 1964 ulianzishwa mfuko wa akiba ya wafanyakazi, NPF. Mfuko huo ulimlipa mstaafu fedha zake kwa mkupuo. Lakini fedha za mkupuo huisha, na uzee huendelea. Kwa hiyo sheria ya mwaka 1997 iliunda NSSF, ili mstaafu aliyetimiza masharti apate pensheni ya kila mwezi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ikatamka kwamba familia itabaki kuwa msingi wa matunzo ya wazee.

Hapana budi tujiulize, familia ni nani? Leo vijana wa Muheza nao huondoka kwenda kutafuta kazi mijini, na wazazi wakabaki na michungwa na minazi yao. Safari sasa imegeuka: zamani aliyeondoka ndiye aliyezeeka peke yake, leo ni yule aliyebaki. Pensheni humfaa aliyeajiriwa, bali mkulima hutegemea watu. Kijana aliye mbali na apeleke msaada wake nyumbani. Na aliye karibu amchotee maji mzee wa jirani, kama manamba walivyofanyiana bila kuulizana ukoo.