Bayana ya Urithi, Wala Si Kipimo cha Nasaba

Maneno “upimaji wa nasaba ya kijusi”, yaani uchunguzi wa maradhi ya kurithi kabla mtoto hajazaliwa, niliyoyakuta katika kijarida cha afya kilichogawiwa hapa Kolwezi, yangalistahili kuachwa kama yangalibaki mezani pa kamati iliyoyatunga. Lakini maadamu yamekwisha kufika masikioni mwa mama mjamzito na mumewe, mahali ambapo neno moja laweza kuamua kama damu itatolewa au haitatolewa, kunyamaza ni kushiriki katika kosa.

Nasaba ni neno tukufu, na utukufu wake ndio unaolikataza kazi hii. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wa nuni, sini na ba, na maana yake ni mtu kuhusishwa na baba yake, na babu yake, na kabila lake. Ndiyo sababu masharifu wa pwani huhifadhi shajara za nasaba zao, na kadhi anapoletewa shauri la nasaba huwa ameulizwa swali moja tu, kwamba huyu ni mtoto wa nani. Wapo waliojaribu kuitetea istilahi hiyo kwa kuiunganisha nasaba na nasibu, ati maradhi ya kuzaliwa nayo ni bahati ifuatayo ukoo. Hoja hiyo haisimami, kwa kuwa nasibu huandikwa kwa swadi na nasaba kwa sini, na achanganyaye herufi hizo mbili hana haki ya kuwaundia wengine istilahi. Wenzetu wa Tanzania wamezoea kusema vinasaba, nami sikatai mazoea yao katika maabara; lakini hata huko, mtu wa kawaida akisikia kipimo cha vinasaba, aghalabu hukumbuka shauri la mtoto aliyekataliwa na baba. Na kijusi, ambacho sikio la pwani hukisikia kando ya ujusi, yaani unajisi wa uzazi, ni neno gani la kumwambia mama juu ya mwanawe?

Madhara ya kosa hili nimeyaona kwa macho yangu katika kliniki moja upande wa Manika. Muuguzi kijana, akisoma karatasi aliyopewa, alimwambia mchimbaji aliyemsindikiza mkewe, vumbi la madini lingali katika kope zake, ya kwamba itafaa nasaba ya mtoto ipimwe. Yule bwana aliinuka akauliza, “Munataka kujua hii mimba ni ya nani?” Mkewe aliinama, akawa anakunja na kukunjua ncha ya kikwembe chake. Muuguzi alipojieleza, “Hapana, baba, tunataka kujua damu yako na ya mama inamupa mtoto nini,” yule bwana alikwisha kufika mlangoni. Na maelezo hayo, yaliyotoka bila ya kamusi, yalikuwa sahihi kuliko istilahi yenyewe, kwa kuwa yalitaja kupewa, na kupewa na wazazi ndiko kurithi.

Kwa hiyo napendekeza bayana ya urithi, na juu ya pendekezo hili nasimama. Urithi watoka katika mzizi uliotuzalia mirathi, mrithi na warithi, na mirathi hupatikana kwa mama kama ipatikanavyo kwa baba. Maradhi ya selimundu, ambayo sisi huku huyaita SS, ndiyo shahidi: mtoto hayapati ila apokee fungu kwa kila mzazi, na wazazi wawili wenye AS, yaani wenye fungu moja tu la maradhi hayo, ambao wenyewe ni wazima, hukabiliwa katika kila mimba na uwezekano wa mmoja katika wanne. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba fungu moja la urithi huo humkinga mtu na malaria, na kwa sababu hiyo limeenea mno katika nchi zetu. Basi ukoo wa mume hauna haki ya kumlaumu mke peke yake.

Na bayana, ambayo mzizi wake ni ba, ya na nuni, imekusanya maana mbili zilizoshikana, kutengana na kudhihirika. Humo tumepata baina, na bainisha, na bayana yenyewe, ambayo mbele ya kadhi ni ushahidi ukatao shauri. Tofauti ya bayana na kadirio si pambo. Kipimo cha elektroforezi cha damu ya wazazi hutoa uwezekano tu juu ya mtoto, nao nauita kadirio; bali kipande cha kondo kati ya wiki ya 11 na ya 14, au maji ya mimba yatolewayo kwa sindano tangu wiki ya 15, ndiyo yatoayo bayana, kama walivyofanya Yuet Wai Kan na Andrée Dozy mwaka 1978 walipoitambua selimundu katika chembe za maji hayo. Wala bayana ya urithi haidai lisilo lake: utafiti wa Lubumbashi uliochapishwa mwaka 2020 uliuhusisha ulemavu wa kuzaliwa na kazi ya baba katika madini, na mwenye kuuita ulemavu huo nasaba huwatwika mababu mzigo wa vumbi la mgodi.

Katika matumizi, muuguzi aanze na kadirio kwa damu ya wazazi wote wawili, ataje bayana kwa waitakayo, asiwafiche kwamba sindano ina hatari ndogo ya kuiharibu mimba, kisha awaachie uamuzi wenyewe, maana wapo watakao kujua ili wajiandae, na wapo watakao kumpokea mtoto bila ya kuuliza.

Pendekezo hili niliwahi kuliwasilisha mbele ya kamati, nikajibiwa kwamba neno limekwisha kuchapishwa, na kwamba Kiswahili cha Katanga hakina hoja mbele ya Kiswahili sanifu. Kiswahili chetu kilifika na misafara katika zama za Msiri wa Bunkeya, kikapita katika kambi za kampuni ya madini ya Union Minière, na hadi leo ndicho mama wa Kolwezi aulizacho kwacho habari za mimba yake. Haki yake ni kujibiwa kwa neno asilolionea haya mbele ya mumewe, na neno hilo ni bayana ya urithi.