Uwanja wa Kabul: mchezo uliotoka kambini



Kila mara tunapopita vijijini kuandika waliorudi, tunauliza: "Umerudi na nini?" Watu wanataja mabati, masufuria, godoro. Hakuna anayetaja kazi au akili aliyoipata kambini, na siye wenyewe hatuiandiki. Juu ya hiyo, leo tunawaletea historia ya mbali kidogo, ya uwanja wa taifa wa kriketi ulioko Kabul, Afghanistan. Bila kambi ya wakimbizi, uwanja ule haungekuwako.

Kwetu huku kriketi haichezwi sana. Kwa ufupi, mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwenzake anaupiga kwa gongo bapa usiangushe vijiti vitatu vilivyo nyuma yake, halafu anakimbia kutafuta pointi. Askari Waingereza waliucheza Kabul tangu 1839, lakini haukuota mizizi.

Desemba 1979 jeshi la Umoja wa Kisovieti liliingia Afghanistan. Mamilioni ya watu walikimbilia Pakistan na Iran. Karibu na mji wa Peshawar, Pakistan, kulikuwa na kambi ya Kacha Garhi. Watoto wa humo waliona wenyeji wakicheza kriketi, nao wakaanza kuicheza katika vumbi la kambi. Mwaka 1992 Pakistan ilichukua kombe la dunia, na moto ukawaka zaidi. Kijana mmoja wa kambi ile, Taj Malik, alikusanya wenzake wakaunda timu. Mwaka 1995 chama cha kriketi cha Afghanistan kikaanzishwa.

Kuanzia 2002 watu mingi walirudi kwao. Wachezaji nao walirudi, na wengine waliwacheka: huo ni mchezo wa Wapakistani! Siye tunayajua maneno hayo. Mtoto akirudi kutoka Nyarugusu na Kiswahili chake cha kule, wenzake wanamwita Mtanzania, hata kama babu yake amezikwa hapa Fizi.

Kule Kabul walichezea kwenye kiwanja cha wazi cha Chaman-e-Hozori, karibu na Ghazi Stadium. Ghazi ni mahali ambapo, miaka ya 1990, utawala wa Taliban uliwaua watu mbele ya umati. Jirani na hapo, miaka ya mwanzo ya 2010, ulijengwa uwanja wa kriketi wa taifa, kwa msaada wa Marekani. Watazamaji walijaa. Ule mchezo wa kambini ukawa mchezo wa nchi nzima, na Juni 2017 Afghanistan ikapewa uanachama kamili katika shirikisho la kriketi la dunia.

Lakini Septemba ya mwaka ule ule, mtu alijilipua karibu na mlango wa uwanja mechi ikiendelea, na watu wakafa. Julai 2022 mlipuko mwingine ulitokea ndani, katikati ya watazamaji. Timu ya taifa imecheza mechi zake za "nyumbani" huko India na Sharjah, ugenini. Mechi ya Test, ile ya siku tano ambayo ndiyo heshima kubwa ya kriketi, haijachezwa Kabul hata moja. Ukuta upo, majani yapo, lakini timu yenyewe bado iko kama mkimbizi.

Tena kuna wengine ambao mlango umefungwa kabisa kwao. Novemba 2020 wanawake 25 walipewa mikataba ya kuchezea nchi. Agosti 2021 Taliban walirudi madarakani, na wengi wa wanawake wale wakakimbilia Australia. Januari 2025 ndipo walicheza mechi pamoja tena, mjini Melbourne. Mchezo uliozaliwa ukimbizini, kwao umerudi ukimbizini.

Ndugu wafadhili, pesa zilisimamisha ukuta wa Kabul. Hazikuweza kununua amani, wala hazikuamua nani ataingia. Mkitusaidia kujenga, tuulizeni pia nani atashika ufunguo.

Ndugu wanachama, tuko na mafundi wa cherehani, wakunga, walimu, watengeneza sabuni, wote walijifunza Lugufu na Nyarugusu, na daftari letu haliwajui. Kuanzia duru ijayo ya kuandika majina tutaongeza swali: "Ulijifunza nini kambini?" Na mama atajibu mwenyewe, kwa kinywa chake. Baba asimjibie.